Finalisti na chuo kikuu: mambo ya kutayarisha kabla ya mtihani wa serikali

Kila mwaka, kati ya mwezi wa saba na wa nane, siku matokeo ya mtihani wa serikali yanapotangazwa, unaona vijana wakipita barabarani Bukavu, Goma, Butembo ao Uvira wakiwa wamemwagiwa poda nyeupe toka kichwani mpaka mabegani. Mama wanapiga vigelegele, pikipiki zinapiga honi, na simu za wajomba walio mbali hazinyamazi. Ni furaha ya haki. Mtoto amemaliza miaka kumi na miwili ya masomo, na kwetu kuna miaka ambayo shule ilifungwa kwa sababu ya risasi.

Wiki inayofuata poda imeoshwa, na swali linawekwa mezani: sasa utasoma nini, wapi, na kwa feza gani? Katika nyumba nyingi swali hilo linaulizwa siku hiyo kwa mara ya kwanza. Imebaki miezi miwili ao mitatu tu ili masomo ya chuo kikuu yaanze. Baba anaanza kutafuta mtu wa kununua shamba, na anayenunua shamba la mtu mwenye haraka hatoi bei nzuri. Kijana anajiandikisha katika fakulte ambayo rafiki yake amechagua. Mwaka unaofuata ameshindwa, shamba limekwenda, na nyumbani hakuna anayetaka kulizungumzia.

Basi makala hii tunawaandikia ninyi mlio katika mwaka wa mwisho wa humanité, na wazazi wenu, na walimu wanaowafundisha. Wengi bado wanasema "mwaka wa sita", ingawa tangu madarasa ya saba na ya nane yawekwe katika elimu ya msingi, buletini inasema mwaka wa ine. Jina lolote mnalotumia, huo ndio mwaka wa kutayarisha chuo kikuu, tangu mwezi wa tisa, si baada ya matokeo.

Item na oditwari

Tuanze na jambo ambalo shule zetu hazilisemi sana. Mtihani wa serikali, ambao nchi yetu inaufanya tangu 1967, una sehemu mbili. Kwanza kuna majaribio yanayotangulia sesheni ya kawaida: insha ya Kifaransa, Kifaransa cha mdomo, na kwa seksio za ufundi, kazi ya mikono mbele ya jury. Kisha kuna siku ine za sesheni yenyewe: maarifa ya jumla, sayansi, lugha, na masomo ya opsioni. Katika siku hizo ine finalisti anajibu maswali ya kuchagua. Chini ya kila swali kuna majibu kadhaa, naye anachagua moja. Kwa hiyo kuanzia mwezi wa pili hivi darasa zima linaishi katika item. Mwalimu anatatua item za mwaka jana, za mwaka juzi, za miaka kumi iliyopita. Mwanafunzi anajifunza kutambua jibu linalofanana na kweli.

Si vibaya. Bila asilimia 50 hakuna diploma ya serikali, na bila diploma hakuna chuo kikuu. Lakini yule anayejua kutambua tu atashangaa sana siku ya kwanza katika oditwari. Huko profesa anasema kwa saa mbili ao tatu, kwa Kifaransa, bila kuimla neno kwa neno kama mwalimu wa shule. Hasimami kuuliza kama umemaliza kuandika. Na siku ya mtihani utakuta karatasi yenye maswali matatu ao manne: eleza, linganisha, onyesha kwa nini. Hakuna jibu lolote chini yake la kuchagua. Karatasi nyeupe inakutazama, nawe unapaswa kuijaza kwa mawazo yaliyopangwa, katika lugha ambayo pengine nyumbani hamuizungumzi kamwe.

Tunaamini kwamba hapa ndipo wengi wa mwaka wa kwanza wanapoanguka. Akili wanazo. Walichokosa ni kazi mbili rahisi ambazo hakuna aliyewazoesha: kuandika huku unasikiliza, na kuandika ukurasa mmoja kamili kwa maneno yako mwenyewe.

Kazi hizo zinaweza kuzoezwa bila feza. Kila Jumapili unakaa mbele ya mhubiri kwa dakika arobaini ao zaidi. Chukua daftari. Andika wazo kuu, sehemu zake, mifano aliyotoa, na utoe vifupisho vyako mwenyewe vya maneno yanayorudi kila mara. Kama mahubiri ni ya Kiswahili, andika kwa Kifaransa. Hapo unafanya kazi mbili kwa mara moja, na mwanzoni itakuwa vigumu kweli kweli. Jioni, soma ulichoandika na utengeneze maelezo mafupi ya ukurasa mmoja. Ukiona hukumbuki sehemu ya pili ilisema nini, umejua tayari udhaifu wako, na umeujua bila kupoteza mwaka wa masomo. Siku za kazi fanya vilevile na habari za Kifaransa za Radio Okapi: sikiliza, funga redio, andika mistari mitano. Baada ya miezi mitatu mkono wako utakuwa umebadilika. Insha ya mtihani wa serikali pia itafaidika, maana wengi wanaiogopa kwa sababu hawaandiki kamwe isipokuwa siku hiyo.

Kuna jambo lingine la kusema wazi. Katika shule kadhaa, mwezi wa mtihani unapokaribia, wanafunzi wanaombwa kutoa feza "za kuwapokea" wale wanaosimamia, ao wanaahidiwa kwamba majibu yatafika kwa simu. Wazazi wengine wanatoa wakidhani wanamsaidia mtoto. Tuache kwanza habari ya dhambi na sheria, ingawa ni dhambi na sheria inakataza. Tuangalie hesabu tu. Umenunua asilimia 62 kwa mtoto ambaye kwa nguvu zake angepata 48. Unampeleka mwaka wa kwanza, unalipa malipo ya masomo, chumba, chakula, na huko hakuna mtu wa kumtumia majibu ya maswali ya "eleza". Mtoto aliyepata 48 angerudia mwaka mmoja karibu na nyumbani kwa malipo ya shule. Huyu anarudia mwaka wa kwanza wa chuo kikuu mjini kwa malipo mara kadhaa zaidi, mara nyingi akiwa na aibu asiyoweza kuieleza.

Neno "licence" limebadilika

Wazazi waliosoma zamani wanajua njia hii: miaka mitatu ya graduat, kisha miaka miwili ya licence. Baba mwenye licence ya zamani alikaa kwenye benchi miaka mitano. Tangu mwaka wa masomo wa 2021-2022, wanafunzi wapya wa mwaka wa kwanza wameingia katika mfumo unaoitwa LMD: licence, master, doctorat. Licence ya sasa ni miaka mitatu, master ni miwili. Graduat haiko tena katika njia hiyo mpya.

Mabadiliko haya yanaleta ugomvi mdogo katika familia. Mjomba anayesaidia anasema: "Nitakulipia mpaka licence", akifikiri miaka mitano. Kijana anasikia miaka mitatu. Ni vizuri kuketi pamoja tangu mwanzo na kuhesabu miaka yenyewe, si majina ya vyeti. Na kwa udaktari miaka ni mingi zaidi kuliko hiyo. Anayetaka kuvaa koti jeupe la daktari ajitayarishe kwa miaka sita ao zaidi kabla ya kupata mshahara wa kwanza.

Katika LMD mwaka mmoja una krediti 60, yaani 30 kwa kila semestri. Licence nzima ni krediti 180, na master inaongeza 120. Krediti haihesabu tu saa ambazo profesa yuko mbele yako. Inahesabu pia kazi unayofanya peke yako: kusoma, kutafuta, kuandika kazi za nyumbani, kujadiliana katika kikundi. Mwanafunzi anayeona ratiba yake ina nafasi mchana akafikiri ni mapumziko, hajaelewa. Nafasi ile imeshahesabiwa ndani ya krediti.

Kwa hiyo finalisti ajizoeze tangu sasa kuwa na saa zake mwenyewe za kusoma ambazo hakuna mwalimu aliyeziamuru. Saa moja kila siku, mahali palepale. Najua nyumba zetu: umeme unakuja saa nane ya usiku, watoto wadogo wanalia, kuna maji ya kuteka. Parokia nyingi zina ukumbi ambao siku za kazi umefungwa kwa kufuli. Kuwafungulia finalisti ukumbi huo kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na mbili jioni, na mtu mzima mmoja wa kuangalia, hakuhitaji mradi wala wafadhili.

Kuchagua

Katika familia ya Kongo mtoto anachaguliwa fakulte na watu wengi: baba, shangazi, mchungaji, jirani aliye na gari. Fakulte zenyewe zinazotajwa ni tatu ao ine: udaktari, sheria, uchumi, na siku hizi mambo ya kompyuta. Heshima ya jina inashinda swali la kazi gani mtu atafanya kila asubuhi.

Hatusemi wazazi wanyamaze. Anayelipa ana haki ya kuuliza. Lakini maswali yanayofaa ni mengine. La kwanza: seksio yake ya humanité ilimtayarisha kwa nini? Diploma ya serikali inafungua milango mingi, na mtu wa pedagojia anaweza kuandikishwa mahali ambapo aliyetoka matematika-fizika pia ameandikishwa. Wote wawili wataketi kwenye benchi moja mbele ya profesa yuleyule wa matematika, ambaye hatarudi nyuma kufundisha yale ambayo mmoja wao hakuyaona kamwe. Hii haimaanishi kwamba wa pedagojia hawezi. Inamaanisha kwamba anapaswa kuanza kukopa madaftari ya rafiki yake wa matematika-fizika mwezi wa kumi wa mwaka wa mwisho, wala si mwezi wa kumi wa chuo kikuu. Pia kuna fakulte zinazofanya mtihani wao wenyewe wa kuingia, na diploma peke yake haitoshi huko. Uliza mapema.

La pili: umekwisha kuona mtu akifanya kazi hiyo? Katika kila parokia yetu kuna muuguzi, mwalimu, mhasibu, mtu wa kilimo, wakili, fundi wa umeme. Omba kukaa naye siku moja, ao asubuhi moja tu. Kijana mmoja anayetaka udaktari atagundua katika chumba cha kubadilisha bandeji kwamba anazimia akiona damu. Mwingine atagundua kwamba uuguzi, aliokuwa anaudharau, ndio kazi anayoipenda. Idara ya vijana inaweza kupanga mikutano hiyo kwa Jumamosi chache. Inafaa zaidi kuliko semina moja kubwa yenye microfoni.

La tatu ni la taasisi za juu, ambazo watu wanazisahau kama kwamba chuo kikuu ndicho peke yake kipo. Kuna ISP zinazotayarisha walimu, ISTM za kazi za afya, ISDR za maendeleo ya vijijini, ISC za biashara. ISP ya Bukavu ilianzishwa 1961, na walimu wengi wa shule zetu za sekondari, pengine yule anayekufundisha fizika leo, walitoka katika nyumba za namna hiyo. Maabara ya hospitali inahitaji mtu aliyesomea maabara. Daktari peke yake hafanyi chochote bila yeye.

Na kabla ya kulipa hata franka moja, uliza kama taasisi inatambuliwa na serikali, na kama fakulte yenyewe inatambuliwa, maana moja inaweza kuwa na kibali na nyingine isiwe nacho. Taasisi za kibinafsi zimekuwa nyingi sana tangu serikali ilipoacha kuwa peke yake katika elimu ya juu. Mara kadhaa wizara imefanya uchunguzi na kufunga zile zisizotimiza masharti, na wanafunzi waliokuwa mwaka wa pili wakajikuta na karatasi zisizokubaliwa popote. Bango zuri barabarani halithibitishi chochote. Uliza namba ya kibali, uliza waliomaliza huko wanafanya kazi wapi.

Kwa wale wanaofikiria vyuo vya makanisa ya Kiprotestanti, historia yake inafaa kujulikana. Waprotestanti walianzisha chuo kikuu huru mwaka wa 1963 kule Stanleyville, yaani Kisangani ya leo. Mwaka wa 1971 serikali ilikichukua na kukiunganisha na vile vya Kinshasa na Lubumbashi kuwa kimoja, UNAZA, ambacho kiligawanywa tena 1981. Baadaye makanisa yalianza upya: ULPGL ikaanza Goma 1985, UEA ikaanza Bukavu 1991, na nyumba ya Kinshasa iliyokuwa ya theolojia ikapanuka na kuwa Université Protestante au Congo. Ni vyuo vyetu, na tunavipenda. Lakini kijana asichague chuo kwa sababu tu ni cha kanisa lake, ikiwa somo analolitaka linafundishwa vizuri zaidi penginepo.

Hesabu ambayo familia nyingi hazifanyi

Watu wakiuliza chuo kikuu ni bei gani, wanajibiwa malipo ya masomo tu. Tuchukue mfano, na kila mtu aweke hesabu za mahali pake. Tuseme mtoto anatoka Walungu kwenda kusoma Bukavu, na chuo kinadai dola 400 kwa mwaka. Chumba cha dola 15 kwa mwezi, kwa miezi kumi, ni 150. Chakula cha dola 30 kwa mwezi, akipika mwenyewe na akiletewa viazi na maharagwe toka nyumbani, ni 300. Silabusi, fotokopi na kuchapisha kazi, 80. Usafiri, 50. Jumla ni dola 980. Malipo ya masomo, ambayo ndiyo peke yake familia ilihesabu, hayafiki hata nusu.

Tena kuna malipo madogo madogo ambayo hakuna anayeyataja mwanzoni: kuandikishwa, kadi ya mwanafunzi, kazi za vitendo, na mahali pengi malipo ya kuruhusiwa kuingia katika sesheni ya mitihani. Mwanafunzi aliyesoma semestri nzima anaweza kusimama nje ya mlango siku ya mtihani kwa sababu ya deni. Uliza orodha yote kwa maandishi.

Sasa, hakuna anayepaswa kuwa na dola 980 siku ya kwanza. Vyuo vingi vinakubali kulipwa kwa awamu. Kinachohitajika mwezi wa kumi ni mwanzo: tuseme awamu ya kwanza ya 150, kuandikishwa 30, chumba cha miezi miwili 30, na godoro, sufuria na makaa, 60. Ni dola 270. Familia ikianza kuweka akiba mwezi wa kumi wa mwaka uliotangulia, mtoto akiwa ndiyo kwanza ameingia mwaka wa mwisho, ina miezi kumi na miwili. Ni dola 22 na nusu kila mwezi. Kwa mama anayeuza samaki ni nyingi, lakini ni nyingi zinazojulikana, zinazoweza kuwekwa katika likelemba, katika muso ao katika AVEC ya mtaa. Dola 270 za ghafula ndizo zinazouza shamba. Panga zamu yako ya likelemba ianguke mwezi wa tisa. Wenzako wakijua sababu, wengi watakubali.

Kuhusu misaada: ipo, na ni michache kuliko uvumi wake. Programu ya Excellentia ya Fondation Denise Nyakeru Tshisekedi inatazama waliofaulu mtihani wa serikali kwa asilimia za juu sana. Jumuiya kadhaa za kanisa zina mifuko midogo. Yeyote anayemwomba kijana feza ili "amtafutie bursa" ni mwizi, hata akivaa tai.

Linabaki jambo ambalo ni la feza na si la feza. Familia ikiwa na uwezo wa kumpeleka mmoja, na nyumbani kuna finalisti wawili, ni nani anayeambiwa asubiri? Tumeona mara nyingi kwamba binti mwenye asilimia 68 anabaki, na kaka yake mwenye 53 anakwenda, kwa maneno kwamba binti ataolewa. Mwaka wa kusubiri kwa mvulana ni mwaka wa kutafuta feza. Kwa binti ni mwaka ambao wachumba wanaanza kuhesabiwa, na mara nyingi harudi tena shuleni. Kama lazima mmoja asubiri, wazazi waangalie asilimia, waangalie nani ana uwezo wa kupata kazi ya muda, na waseme tarehe ambayo anayesubiri ataanza. Ahadi isiyo na tarehe, watoto wetu wanajua maana yake.

Majina matatu

Mkongomani ana jina, postnom na prénom. Utaratibu huu ulitoka wakati Mobutu alipokataza majina ya Kikristo mwaka wa 1972 na watu wakaongeza jina la kiasili. Kisha prénom zikarudi, na postnom ikabaki. Tangu hapo makarani wamekuwa na nafasi tatu za kukosea. Kwenye cheti cha kuzaliwa umeandikwa kwa namna moja, kwenye buletini herufi moja imepungua, kwenye orodha ya finalisti postnom imechukua nafasi ya jina. Diploma itafuata orodha. Chuo kikuu kitafuata diploma. Na miaka mitano baadaye, mwajiri atauliza kama ninyi ni watu wawili.

Kwa hiyo shule inapoandika finalisti wake kwa ajili ya mtihani, usipitishe karatasi ile kwa haraka. Soma jina lako herufi kwa herufi, tarehe ya kuzaliwa, mahali, jinsia. Kosa likionekana wakati huo, prefe analirekebisha kwa kalamu. Likionekana kwenye diploma, utakwenda Kinshasa ao utamlipa mtu wa kwenda.

Dosie ya kujiandikisha haitofautiani sana toka chuo kimoja mpaka kingine: barua kwa mkuu wa chuo, diploma ao uthibitisho wa kufaulu, buletini za miaka miwili ya mwisho, cheti cha kuzaliwa, uthibitisho wa mwenendo mwema, karatasi ya daktari kwamba una afya, na picha ndogo. Diploma yenyewe inachelewa, wakati mwingine sana, na ndiyo maana buletini ni za thamani. Tunza nakala mahali pengine mbali na nyumba yenu. Tunasema hivyo kwa sababu ya vita. Kuna vijana waliokimbia Masisi na Rutshuru wakiwa na nguo walizovaa tu, na shule iliyokuwa na rejista zao ikachomwa ao ikawa makao ya askari. Piga picha ya kila karatasi kwa simu, mtumie shangazi aliye Kisangani ao Lubumbashi, na fotokopi moja uiache kwa katibu wa parokia. Mwenye picha ya buletini ana mahali pa kuanzia kuomba. Asiye na chochote anaomba kuaminiwa.

Kati ya mtihani na mwanzo wa chuo kikuu kuna wiki nyingi ambazo finalisti wetu hulala. Baada ya mwaka kama huo wiki mbili za usingizi ni haki yao. Baada ya hapo, watembelee mahali wanapotaka kusoma, wapate chumba kabla bei haijapanda, na waketi mbele ya kompyuta, ya ndugu ao ya ofisi ya parokia, mpaka vidole viweze kuandika kurasa mbili bila kutafuta kila herufi. Kazi ya kwanza ya chuo kikuu itadaiwa ikiwa imechapwa, na sekretaria ya mtaani inahesabu malipo yake kwa kila ukurasa.